Wenyewe kwa Wenyewe: Ufini ya 1918 na Wafu Walionyimwa Jina

Kila mjadala wa utawala bora unapopamba moto, hauchukui muda kabla mtu hajaitaja Ufini. Shule zake, magazeti yake huru na uchache wa rushwa katika ofisi zake hutolewa kama ushahidi kwamba wapo watu duniani walioumbwa kwa utulivu. Nimewasikia wanafunzi wangu wakisema, na watumishi wa umma niliokutana nao katika semina wakirudia, kwamba wenzetu Wafini ni watu wa amani kwa asili. Sisi wa Tanzania tuna sababu ya ziada ya kuamini hivyo. Martti Ahtisaari, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi yake ya usuluhishi kuanzia Namibia hadi Aceh na Kosovo, alikuwa balozi wa nchi yake hapa Dar es Salaam kati ya 1973 na 1977. Ni rahisi kudhani kwamba taifa lililomlea mtu wa namna hiyo lilizaliwa bila kumwaga damu.

Naandika makala haya kuipinga dhana hiyo. Sina nia ya kuwavunjia Wafini heshima. Dhana yenyewe ndiyo inayotupotosha sisi. Anayeamini kwamba amani ni tabia ya kuzaliwa nayo huacha kuuliza ilijengwaje, na nani aliilipia.

Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Zilipotimia siku 52, raia wake walikuwa wakipigana risasi. Vita vilidumu miezi mitatu na nusu tu. Katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 3.1, zaidi ya 36,000 walikufa, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila mia. Na walio wengi kati ya hao hawakufia kwenye mapigano. Walipigwa risasi wakiwa wameshikwa, au walikufa kwa njaa na maradhi nyuma ya seng’enge za kambi ambazo serikali halali ilizifungua, ikaziandikia kanuni na kuzipa wasimamizi.

Usawa siku ya kura, utumwa siku ya kazi

Kwa karne nyingi Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi. Mwaka 1809 ikatwaliwa na Urusi, lakini Tsar aliiachia sheria zake na dini yake, nayo ikawa na Seneti yake. Haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi yenye utawala wa ndani chini ya mfalme wa mbali.

Mwaka 1906, baada ya mgomo mkuu ulioitikisa himaya nzima ya Urusi mwaka uliotangulia, Wafini walipata bunge jipya la chumba kimoja lenye wabunge 200. Kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, alipewa haki ya kupiga kura na kugombea. Katika uchaguzi wa 1907 wanawake 19 waliingia bungeni, wakawa wabunge wanawake wa kwanza duniani. Chama cha Demokrasia ya Kijamii, kilichokuwa chama cha wafanyakazi na maskini wa mashambani, kilipata viti 80. Mwaka 1916 kikafikisha viti 103, idadi inayozidi nusu ya Bunge.

Kwa maandishi, basi, hii ilikuwa mojawapo ya nchi zenye demokrasia pana kuliko zote za wakati ule. Lakini Bunge hilo halikuwa na neno la mwisho. Sheria iliyopitishwa ilisubiri saini ya Tsar, naye aliweza kulivunja Bunge alipotaka. Na ukishuka kutoka Helsinki hadi kwenye halmashauri za vijiji na miji, kura ilipimwa kwa mali: mwenye kulipa kodi kubwa alikuwa na kura nyingi, na asiye na kitu hakuwa na sauti.

Kusini mwa nchi, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Familia nyingi ziliishi juu ya vipande vya ardhi walivyokodishiwa, wakilipa kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi, pengine katika majira yale yale ambayo mavuno yao wenyewe yalikuwa yakiwangoja. Mkataba ulipokwisha, familia iliweza kuondolewa katika nyumba iliyoijenga kwa mikono yake na katika konde iliyoling’oa visiki. Mtu huyo alikuwa sawa na bwana shamba siku ya uchaguzi wa Bunge. Kesho yake alfajiri alirudi kumlimia. Pengo kati ya siku hizo mbili ndilo lililokuja kujaa bunduki.

Mwaka usio na mwenye nyumba

Machi 1917 Tsar alianguka. Kwa Wafini anguko hilo liliacha maswali mawili, na yote mawili yalikosa jibu kwa wakati.

Swali la kwanza lilikuwa la kikatiba: nani amerithi mamlaka ya Tsar? Julai mwaka huo Bunge, likiwa na wasoshalisti walio wengi, lilipitisha sheria ya kujitwalia mamlaka ya juu katika mambo yote ya ndani. Serikali ya Muda ya Urusi ilikataa na kulivunja Bunge. Vyama vya wenye mali, ambavyo navyo vilitaka uhuru, havikusikitika sana kuona Bunge lenye wasoshalisti wengi likivunjwa na mgeni. Katika uchaguzi wa Oktoba, Chama cha Demokrasia ya Kijamii kilishuka kutoka viti 103 hadi 92. Machoni pa wafuasi wake huko hakukuwa kushindwa bali kunyang’anywa.

Swali la pili lilikuwa la mtaani: nani atalinda usalama? Ufini haikuwa na jeshi lake. Urusi ilikuwa imelivunja mwanzoni mwa karne. Polisi wa enzi ya Tsar walisambaratika pamoja naye. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya askari wa Kirusi walikuwa bado nchini, nidhamu yao ikimomonyoka kila siku. Nafaka iliyokuwa ikitoka Urusi ilikatika, bei zikapanda na kazi za kijeshi zilizowaajiri maelfu zikasimamishwa. Katika utupu huo kila upande uliunda walinzi wake. Wenye mashamba na watu wa tabaka la kati waliunda vikosi vilivyokuja kuitwa Walinzi Weupe, na wafanyakazi wakaunda Walinzi Wekundu. Kila upande ulisema kwamba unajilinda tu, na kila upande uliponunua bunduki, ulimpa mwenzake sababu ya kununua nyingine.

Novemba ulikuja mgomo mkuu. Bunge, kwa kushtuka, lilipitisha katika muda wa siku mbili mambo yaliyokuwa yamepigwa danadana kwa miaka: siku ya kazi ya saa nane na haki sawa ya kura katika halmashauri. Lakini mgomo ulikuwa umeshaambatana na mauaji. Nawaomba wasomaji walio katika utumishi wa umma waitazame wiki ile kwa makini. Haki iliyocheleweshwa miaka kumi, ikitolewa chini ya mtutu, haimtulizi anayeipokea wala haimfundishi anayeitoa. Wa kwanza hujifunza kwamba mtutu ndio uliofanya kazi. Wa pili hujifunza kwamba anahitaji mtutu mkubwa zaidi.

Tarehe 6 Desemba Bunge lilipiga kura juu ya uhuru. Matokeo yalikuwa 100 kwa 88. Msomaji asidhani kwamba wale 88 waliupinga uhuru. Wao walikuwa na pendekezo lao, kwamba uhuru upatikane kwa makubaliano na Urusi. Pande zote mbili zilitaka bendera. Hazikukubaliana juu ya njia, na chini ya hilo hazikukubaliana juu ya nani atakuwa mwenye nyumba bendera ikishapanda. Tarehe 31 Desemba serikali ya Lenin iliutambua uhuru huo. Ilikuwa nchi kamili mbele ya mataifa, lakini ndani ya mipaka yake hakukuwa na mkono mmoja uliokubaliwa na wote kushika silaha.

Kutoka Tampere hadi kambini

Januari 1918 Bunge liliipa Seneti, chini ya P. E. Svinhufvud, idhini ya kuunda chombo imara cha kulinda usalama. Tarehe 25 Seneti ikawatangaza Walinzi Weupe kuwa jeshi la serikali. Kwa upande wa Weupe, huo ulikuwa wajibu wa kawaida wa dola. Kwa upande wa Wekundu, ulikuwa tangazo kwamba dola imekuwa mali ya tabaka moja. Tarehe 27 na 28 Wekundu waliitwaa Helsinki. Sehemu ya Seneti ikahamia Vaasa, pwani ya magharibi.

Serikali ya Wekundu iliongozwa na Kullervo Manner, mtu aliyekuwa Spika wa Bunge mwaka uliotangulia. Jambo hilo huwa linanisumbua kila ninapolisoma. Hawa hawakuwa majambazi waliotoka msituni. Walikuwa wabunge, wahariri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watu waliokuwa na viti 92 kati ya 200. Wengi wao hawakuyataka mapinduzi. Walisukumwa na walinzi wao wenye silaha, wakaogopa kupoteza wafuasi kuliko walivyoogopa kupoteza nchi. Wapo waliokataa. Väinö Tanner, mmoja wa viongozi wakuu wa chama hicho, hakushiriki katika uasi. Wanaharakati wanaonisoma wanapaswa kumkumbuka, kwa maana nitamrudia.

Weupe waliongozwa na Jenerali Gustaf Mannerheim, aliyekuwa ametumikia jeshi la Tsar kwa miongo kadhaa. Walikuwa na Kaskazini na mashamba ya Magharibi. Wekundu walikuwa na miji na viwanda vya Kusini. Wekundu walipata silaha na msaada fulani kutoka kwa Warusi. Weupe walipata vijana wa Kifini waliokuwa wamefunzwa kijeshi kwa siri Ujerumani, na mwanzoni mwa Aprili Wajerumani wenyewe, wapatao 10,000, waliteremka Hanko chini ya Jenerali von der Goltz. Lakini wageni wote ukiwaondoa katika hesabu, bado unabaki na Wafini wapatao laki moja na nusu au zaidi waliobeba bunduki dhidi ya Wafini wenzao.

Tampere, mji wa viwanda uliokuwa ngome ya Wekundu, ulianguka tarehe 6 Aprili baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Wiki moja baadaye Wajerumani walikuwa wameshaitwaa Helsinki. Mwishoni mwa mwezi huo viongozi wakuu wa Wekundu walipanda meli huko Viipuri wakakimbilia Petrograd, wakiwaacha wafuasi wao nyuma. Tarehe 16 Mei Mannerheim aliingia Helsinki kwa gwaride la ushindi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari wakidhani hadithi imekwisha. Lakini idadi kubwa ya vifo ilikuwa bado.

Wekundu waliua watu nje ya mapigano, takribani 1,500, wengi wao wakiwa wenye mashamba, wafanyabiashara, maofisa na walinzi wa upande wa pili. Hakuna sababu ya kuyapunguza mauaji hayo. Weupe nao waliwapiga risasi Wekundu wasiopungua 7,000, na wapo wanahistoria wanaoifikisha idadi hiyo 10,000. Wengi waliuawa baada ya kujisalimisha, kwa hukumu za mabaraza ya papo hapo yasiyokuwa na msingi wa kisheria, ambamo jirani alimtaja jirani, na visa vya shamba na mshahara vilivalishwa vazi la siasa.

Kisha zikaja kambi. Wafungwa wapatao 80,000 walikusanywa katika ngome, kambi za zamani za jeshi na shule, mahali kama Suomenlinna nje ya Helsinki, Hennala huko Lahti na Tammisaari pwani ya kusini. Nchi ilikuwa na upungufu wa chakula kwa raia wote, na hakuna aliyekuwa amefanya hesabu ya jinsi ya kuwalisha watu hao. Serikali iliamua kwamba kila mmoja lazima afikishwe mbele ya mahakama maalumu za makosa dhidi ya dola, na kwamba atangoje ndani. Walingoja kiangazi kizima, kwa mgao usiotosha kumweka mtu hai, huku homa ya mafua ya mwaka ule na maradhi mengine yakipita katikati yao. Takribani 12,000 walikufa.

Mwanafiziolojia maarufu Robert Tigerstedt aliyechunguza hali ya Tammisaari aliandika ripoti juu ya chakula cha wafungwa na vifo vyao. Ripoti hiyo ilivuja na kuchapishwa nchini Uswidi, aibu ikaenea. Ninamtaja kwa sababu yeye hakuwa Mwekundu. Alikuwa mwanasayansi aliyeombwa atazame, akatazama, akaandika alichokiona. Kambi zile hazikubuniwa kuwa machinjio. Ziliua kwa njia ambayo mtumishi wa umma anapaswa kuiogopa kuliko zote: kwa amri ya kukamata iliyotolewa kabla ya hesabu ya unga, kwa faili lililosubiri zamu yake, na kwa kila mkubwa kuamini kwamba suala hilo liko mezani kwa mkubwa mwingine.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Ujerumani iliyokuja kusaidia ilikaa. Wabunge wasoshalisti wakiwa karibu wote nje, gerezani, uhamishoni au kaburini, Bunge lililobaki lilimchagua Oktoba 1918 mwanamfalme wa Kijerumani, Friedrich Karl wa Hesse, awe mfalme wa Ufini. Taifa lililokuwa limejitoa kwa Urusi miezi kumi nyuma lilikuwa karibu kumpokea bwana mwingine. Halikuokolewa na busara yake. Liliokolewa na kushindwa kwa Ujerumani katika Vita Kuu mwezi uliofuata. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba bila kuwahi kukanyaga nchi hiyo kama mtawala.

Vita vyenye majina mengi

Kiswahili kina msemo ambao tumeuzoea kiasi cha kutousikia tena: vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tazama neno “wenyewe”. Linasema kwamba kila aliyekuwa upande huu na kila aliyekuwa upande ule ni mwenyewe, mtu wa nyumbani, mwenye haki ya mahali alipo. Halimtaji mkombozi wala halimtaji msaliti.

Wafini hawakuwa na jina la namna hiyo, au tuseme walikuwa nayo mengi mno. Kwa washindi, 1918 ilikuwa Vita vya Ukombozi: vita vya kuwafukuza Warusi na vibaraka wao. Tafsiri hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwamba iliwaondolea washindi ulazima wa kukiri kuwa wamemuua ndugu. Kwa walioshindwa ilikuwa Vita vya Kitabaka. Wapo walioiita Uasi, na wapo, hasa wachungaji na walimu waliotaka kupatanisha, walioiita Vita vya Ndugu. Mtu alipotaja jina moja kati ya hayo, msikilizaji alijua mara moja baba yake alizikwa wapi.

Na suala la kuzikwa halikuwa fumbo. Weupe walizikwa kwenye viwanja vya makanisa, chini ya mawe yaliyochongwa majina yao, na wajane wao walipewa pensheni. Wekundu walio wengi walilala katika makaburi ya halaiki, porini na pembezoni mwa miji. Mjane wa Mwekundu alielekezwa kwenye msaada wa maskini, na watoto walikua wakijua kwamba baba hatajwi mezani wakati kuna mgeni. Kila tarehe 16 Mei walitazama gwaride likipita kusherehekea siku waliyofanywa yatima.

Jinsi nyumba ilivyojengwa upya

Sasa nifike kwenye swali nililoanza nalo. Ikiwa hivi ndivyo ilivyokuwa, amani ya Ufini ilitoka wapi?

Jibu la kwanza ni kura. Chama cha Demokrasia ya Kijamii hakikufutwa. Kilijengwa upya chini ya Tanner, mtu ambaye mikono yake haikuwa na damu ya 1918, na Machi 1919, chini ya mwaka mmoja baada ya vita kwisha, kilishiriki uchaguzi na kupata viti 80. Tafakari ukubwa wa jambo hilo: washindi wakiwa na makaburi mabichi ya watu wao waliwaruhusu walioshindwa kurudi kuwa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Julai mwaka huohuo katiba ya jamhuri ilipitishwa, na Bunge likamchagua K. J. Ståhlberg, mwanasheria wa mrengo wa wastani, kuwa Rais wa kwanza badala ya Jenerali Mannerheim. Misamaha ya wafungwa, iliyokuwa imeanza, iliendelea awamu kwa awamu.

Jibu la pili ni ardhi. Oktoba 1918, Bunge lile lile lililomchagua mfalme lilipitisha sheria ya kuwawezesha wakulima waliokodishiwa ardhi kuinunua kwa bei nafuu na kuwa wamiliki. Mwaka 1922 sheria nyingine iliwafikia wasio na ardhi kabisa. Makumi ya maelfu ya familia zikapata hati. Washindi wengi hawakufanya hivyo kwa huruma. Walitaka kumwondolea Mwekundu wa kesho sababu ya kuasi. Lakini mimi sipimi sheria kwa usafi wa moyo wa aliyeitunga. Napima kama mtu aliyekuwa akilima kwa hofu ya kufukuzwa aliacha kuhofu.

Jibu la tatu lilichelewa zaidi, nalo ni heshima kwa aliyeshindwa. Desemba 1926 Tanner akawa Waziri Mkuu. Mei iliyofuata, Rais akiwa mgonjwa, ilimwangukia yeye kusimama na kupokea gwaride la tarehe 16 Mei, gwaride la ushindi dhidi ya wafuasi wa chama chake mwenyewe. Alisimama. Wapo Wekundu waliomwona msaliti na Weupe waliokasirika kumwona pale. Binafsi naona kwamba siku ile alilipa gharama ambayo si wanasiasa wengi huwa tayari kuilipa: alikubali kuaibika mbele ya watu wake ili ofisi ya umma iwe ya wote.

Sitaki kuifanya njia hii ionekane nyoofu kuliko ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi la Lapua, lenye chuki kali dhidi ya wakomunisti, liliwateka na kuwapiga watu, na Oktoba 1930 hata Rais mstaafu Ståhlberg alitekwa pamoja na mkewe. Sheria kali dhidi ya wakomunisti zilipitishwa. Mwaka 1932 kundi hilo lilijaribu kuasi huko Mäntsälä. Aliyewaambia waasi kwa njia ya redio warudi makwao alikuwa Rais Svinhufvud, yule yule aliyeongoza Seneti ya Weupe mwaka 1918. Sheria iliyotumika kuwabana watu wa mrengo wa kushoto, hatimaye ililifuta kundi la mrengo wa kulia lililoishangilia.

Wapo watakaoniambia kwamba yote haya ni maneno, na kwamba Wafini waliunganishwa na adui wa nje tu. Ni hoja nzito, kwa kuwa Umoja wa Kisovyeti ulipoivamia Ufini tarehe 30 Novemba 1939, wana wa Wekundu na wana wa Weupe walipigana bega kwa bega. Lakini hoja hiyo inasahau jambo moja. Siku iliyofuata Moscow ilitangaza “serikali ya wananchi” ya Ufini ikiongozwa na Otto Wille Kuusinen, mmoja wa mawaziri wa serikali ya Wekundu ya 1918. Matarajio yalikuwa kwamba wafanyakazi wa Ufini wangemwitikia mtu wao wa zamani na kugeuza bunduki. Hawakumwitikia. Adui wa nje huwaunganisha wale tu ambao tayari wana kitu cha kupoteza kwa pamoja. Mwaka 1918 mkulima yule hakuwa na kitu; mwaka 1939 alikuwa na shamba, kura na mbunge wake.

Mwaka 1940, baada ya vita hivyo, Mannerheim mwenyewe aliamuru gwaride la tarehe 16 Mei likome, na siku ya kuwakumbuka waliokufa iwekwe badala yake, kwa wafu wa pande zote. Hata hapo kazi haikwisha. Kumbukumbu nyingi za makaburi ya Wekundu zilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kati ya 1959 na 1962 Väinö Linna alichapisha riwaya ya juzuu tatu juu ya familia ya wakulima wa kukodi ardhi, na taifa zima likajikuta likiingia katika nyumba ya Mwekundu kupitia mlango wa fasihi. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 mwanahistoria Jaakko Paavolainen alichapisha uchunguzi wake juu ya ukatili wa pande zote mbili. Mwaka 1973 serikali iliwalipa fidia wafungwa wa kambi waliokuwa bado hai, miaka 55 baada ya njaa ile.

Na mwaka 1998, miaka 80 baada ya vita, ofisi ya Waziri Mkuu wa Ufini ilianzisha mradi wa kumtafuta kila mtu aliyekufa kutokana na vita hivyo: jina lake, mahali alipozaliwa, kazi yake, na namna alivyokufa. Haikujalisha alikuwa upande gani. Orodha hiyo iko wazi kwa umma, na mjukuu yeyote anaweza kumtafuta babu yake.

Mara nyingi katika nchi zetu tunaambiwa tusifukue makaburi, kwamba kuyataja yaliyopita ni kuchochea. Nauelewa woga huo, na sidhani kwamba wote wanaousema wana nia mbaya. Lakini Ufini inatufundisha kwamba kunyamaza hakukuyafunga makaburi ya 1918. Kwa kizazi kizima ukimya ulikuwa wa upande mmoja tu, kwa sababu wenzao walikuwa na mawe, magwaride na pensheni. Kilichoyafunga ni hati ya shamba, karatasi ya kura na, mwisho kabisa, karani wa serikali aliyeketi na kuandika jina la mtu ambaye serikali hiyohiyo ilimwacha afe kwa njaa.

Siku hizi Wafini walio wengi huviita vita vile kwa jina lisiloegemea upande wowote, lenye maana ya vita vya ndani ya nchi. Iliwachukua vizazi kadhaa kulifikia. Sisi tumelirithi jina la namna hiyo katika lugha yetu bila kulitolea jasho. Tunaposema “wenyewe kwa wenyewe” juu ya jirani zetu wa Maziwa Makuu, au tunapoomba yasitufike sisi, tujiulize kama tunamaanisha tunachokisema: kwamba hata yule aliyekuwa upande uliokosea, uliozidiwa, uliokimbia, naye alikuwa mwenyewe.